Zinki Isiyogusa Chuma ni Rangi ya Kijivu Tu

Gamba la rangi likibanduka kwenye mhimili uliopakwa praima ya zinki, yaani rangi ya kwanza inayogusa chuma, usilitupe. Ligeuze uangalie mgongo wake, kisha utazame pale lilipotoka. Mgongo ukiwa wa kijivu na pale kwenye chuma nako pamebaki kijivu, ujue tabaka la zinki limechanika katikati yake lenyewe: ama halikukomaa kabla ya kufunikwa, ama lilifika kwenye chuma likiwa limeshakauka hewani. Mgongo ukiwa msafi, na zinki yote imebaki salama kwenye chuma, rangi ya juu ndiyo iliyokosa kushika, na mara nyingi utakuta unga mweupe umejificha katikati. Ukiona chuma kitupu, chenye weusi wa magamba ya kiwandani (yale yanayoota juu ya chuma kinapotengenezwa kikiwa moto) au wekundu wa kutu, usihangaike na kopo la rangi. Kosa lilifanyika wakati wa kusafisha.

Kipande kisichozidi ukucha kinakueleza kazi nzima ilivyofanywa. Sisi tunaoshughulika na vyuma vya ujenzi tumejifunza zaidi kutoka kwenye magamba kama haya kuliko kutoka kwenye karatasi za watengenezaji, na karibu kila mara jibu linarudi mahali pamoja: zinki haikugusa chuma, au chembe za zinki hazikugusana zenyewe kwa zenyewe.

Rangi ya kawaida hulinda chuma kwa kukifunika. Maji na hewa vikizuiwa, kutu haianzi. Lakini ikikwaruzwa mahali pamoja, kutu inaingia hapo na kutambaa chini ya rangi iliyobaki nzima. Praima ya zinki inafanya kazi nyingine kabisa. Zinki ina wepesi wa kuachia elektroni kuliko chuma: kwenye mizani ya kawaida ya kemia, zinki iko kwenye volti -0.76 na chuma kwenye -0.44. Metali hizi mbili zikiwa zimegusana na zimeloweshwa na maji yaleyale, zinki ndiyo inayoyeyuka na chuma kinabaki kizima. Zinki inajitoa mhanga. Ndiyo maana mkwaruzo mwembamba juu ya praima nzuri ya zinki hauanzi kutu mara moja: elektroni zinatoka kwenye zinki ya pembeni na kukifikia chuma kilicho wazi.

Elektroni hizo zinahitaji njia. Njia yenyewe ni chembe moja ya zinki kugusa ya pili, ya pili kugusa ya tatu, na ya mwisho kugusa chuma. Gundi inayozishika chembe, hasa epoksi, haipitishi umeme. Gundi ikizidi, kila chembe inazungukwa na plastiki, na unabaki na rangi ya kijivu yenye bei ya zinki. Kwa hiyo kiasi cha unga wa zinki ndicho kitu cha kwanza cha kuuliza. Kiwango cha ISO 12944-5 kinataka zinki isipungue asilimia 80 ya uzito wa rangi iliyokauka ndipo praima iitwe yenye zinki nyingi. Kiwango cha Marekani, SSPC-Paint 20, kina ngazi tatu: asilimia 85 na kuendelea, kisha 77 hadi chini ya 85, kisha 65 hadi chini ya 77. Soma maneno hayo polepole: ni uzito, tena wa rangi kavu. Zinki ni nzito mara saba kuliko maji, kwa hiyo asilimia 80 ya uzito ni karibu nusu tu ya ujazo wa tabaka. Kinachoonekana kingi kwenye karatasi ni kiasi cha kutosha tu kufanya chembe zigusane. Anayekuuzia praima na kukuambia ina "zinki ya kutosha" bila kutaja tarakimu hajakwambia kitu.

Ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni silikati ya zinki, ambayo gundi yake inatokana na ethili silikati au silikati ya potasiamu inayochanganywa na maji. Ya pili ni epoksi ya zinki, yenye hadina (kigumishi kinachochanganywa nayo) kama epoksi nyingine yoyote. Silikati ni ya zamani na imara sana: mwanzoni mwa miaka ya 1940 huko Australia Kusini, bomba la maji la Morgan hadi Whyalla lilipakwa silikati ya zinki iliyobuniwa na Victor Nightingall, nayo ilihitaji kuokwa kwa joto ili ikomae. Baadaye zikaja zinazokomaa zenyewe. Daraja la Golden Gate, lililofunguliwa mwaka 1937 likiwa na praima ya madini ya risasi, lilianza kuvuliwa rangi hiyo miaka ya 1960 na kuvishwa silikati ya zinki, kazi iliyokamilika mwaka 1995.

Silikati inastahimili joto la nyuzi 400 hivi, ni ngumu, haiogopi kukwaruzwa wakati wa kubeba, na inashikana na chuma kwa kemia, si kwa kung'ang'ania tu. Lakini haisamehe. Epoksi inavumilia zaidi: inapakika kwa brashi kwenye sehemu ndogo, haipasuki upesi ikizidi unene kidogo, na rangi ya juu inaishika bila hila nyingi. Ushauri wangu ni huu: kazi ikifanyika kwenye karakana yenye chumba cha kupuliza na watu waliozoea, tumia silikati. Ikiwa ni juu ya jukwaa, kwenye upepo, na marekebisho ya grenda yakiendelea kila siku, tumia epoksi. Silikati iliyopakwa vibaya ina madhara zaidi kuliko epoksi iliyopakwa kwa wastani.

Sasa usafishaji, ambao ndio nusu ya kazi yote.

Kabla ya kuwasha kompresa, ondoa mafuta kwa kiyeyushi au sabuni maalumu. Ukianza kupuliza chuma chenye grisi, yaani kukirushia griti kwa hewa ya kompresa, zile chembe kali zinaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo na kuisambaza kwenye boriti zilizokuwa safi. Kisha pita na grenda: ng'oa matone ya weldi, lainisha mishono yenye mashimo, na zungusha kila ncha kali iwe na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 2 angalau. Rangi mbichi hujivuta na kuikimbia ncha kali, na pale pembeni hubaki nyembamba kama karatasi. Ndiyo maana kutu ya kwanza kwenye mhimili huanzia kwenye ukingo wa bawa lake, si kwenye uso mpana. Kingo zilizokatwa kwa moto nazo zimekuwa ngumu kuliko chuma kingine, na chembe za kupuliza hazizikwaruzi vizuri. Zisage kwanza.

Usafi unaotakiwa ni Sa 2½ kwa kiwango cha ISO 8501-1: chuma cheupe karibu chote, pasipo magamba, kutu wala rangi ya zamani, isipokuwa vivuli hafifu vya madoa. Hapa hakuna mjadala. Praima nyingine zinaweza kukaa juu ya chuma kilichosuguliwa kwa brashi ya waya. Zinki haiwezi, kwa sababu gamba la kiwandani au kutu likibaki katikati, mguso umekatika. Mikwaruzo iwe ya kina cha mikroni 40 hadi 75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), tena yenye ncha, kwa hiyo tumia griti ya pembe kali. Chembe za mviringo hukiacha chuma na vidimbwi laini, na silikati haishiki juu yake. Mkwaruzo ukizidi kina, vilele vyake huchomoza juu ya rangi: ukipaka mikroni 50 juu ya mikwaruzo ya mikroni 100, baada ya mvua ya kwanza utaona vitone vya kutu vidogo kama vya ncha ya kalamu, vimeenea uso mzima. Na mchanga wa kawaida wenye silika usiutumie kabisa. Vumbi lake linaharibu mapafu, na ugonjwa wake haurudi nyuma.

Hewa ya kompresa ipime kabla ya zamu. Elekeza mkondo wa hewa, pasipo griti, kwenye kitambaa cheupe kilichotandazwa umbali wa nusu mita hivi, kwa dakika moja au zaidi. Kitambaa kikitoka na doa la mafuta au unyevu, simamisha kazi hadi mitego ya maji na vichujio vishughulikiwe. Shinikizo la bar 7 kwenye nozeli, si kwenye kompresa, ndilo linalofanya kazi iende. Mpira mrefu na mwembamba unakula shinikizo lote njiani.

Adui asiyeonekana ni chumvi. Chuma kilichokaa karibu na bahari au viwanda vya kemikali kinaweza kupulizwa kikang'aa na bado kina chumvi ndani ya vishimo vya kutu ya zamani. Dalili yake ya wazi ni hii: unapuliza leo jioni, kinang'aa, asubuhi vishimo vilevile vimerudi kuwa na vidoa vya kahawia iliyokoza, huku uso unaovizunguka ukiwa bado mweupe. Chumvi imevuta unyevu wa usiku. Usipulize tena papo hapo ukadhani umemaliza. Osha kwa maji safi yenye shinikizo kubwa, kausha, puliza upya, kisha pima chumvi iliyobaki kwa viraka vya Bresle, vinavyobandikwa juu ya chuma, kwa utaratibu wa ISO 8502. Mikataba mingi inaweka kikomo cha miligramu 50 kwa mita ya mraba au chini ya hapo. Kwa vyuma vitakavyozama majini ningeshuka zaidi.

Ukishapuliza, fagia kwa hewa safi na bandika utepe wa plastiki, ubanduke, uutazame juu ya karatasi nyeupe. Ukiwa umejaa vumbi, zinki itashika vumbi badala ya kushika chuma. Na usikiache chuma kilale. Kilichopulizwa leo kipakwe leo, kabla wekundu wa kwanza haujajitokeza.

Kuhusu hali ya hewa, kanuni ya kwanza ni kwamba chuma chenyewe kiwe na joto lililozidi nukta ya umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, kwa nyuzi 3 au zaidi. Watu wengi hupima hewa wakasahau chuma. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70, nukta ya umande iko karibu na nyuzi 24, hivyo chuma kinatakiwa kiwe 27 kwenda juu. Mhimili mnene uliolala nje usiku unaweza kuwa na nyuzi 23 saa mbili asubuhi wakati wewe tayari unatoka jasho. Unyevu usioonekana kwa macho unakaa juu yake, na ukipaka hapo umepaka juu ya maji. Weka kipimajoto cha sumaku kwenye upande wa kivuli, maana huo ndio unaochelewa kupata joto.

Kanuni ya pili inawashangaza wengi: epoksi inataka hewa kavu, unyevu usizidi asilimia 85, lakini ethili silikati inataka unyevu ili ikomae. Inavuta maji kutoka hewani, inatoa alkoholi, na kubaki na silika ngumu. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 50, rangi inaonekana kavu, unaishika, unatembea juu yake, lakini ndani bado ni laini. Rangi ya juu ikiwekwa hapo inaziba mlango wa unyevu, na ukomavu unasimama. Baada ya miezi kadhaa, rangi ya juu inapoendelea kujibana, inaivuta silikati dhaifu na kuichana katikati. Ndilo lile gamba la kijivu pande zote mbili. Dawa yake ni rahisi: tabaka likishakaza kiasi cha kutodhurika kwa maji, lowesha sakafu ya chumba au nyunyizia maji safi juu ya rangi yenyewe, mara kadhaa, kisha subiri.

Kuna vipimo viwili vya ukomavu. Cha haraka ni sarafu: ikwaruze rangi kwa ukingo wake. Silikati iliyokomaa inang'aa kama metali iliyosuguliwa. Isiyokomaa inatoa unga. Cha uhakika ni kitambaa kilicholoweshwa kiyeyushi cha MEK, ukisugua kwenda na kurudi mara 50 kwa kidole kilichokazwa, kwa utaratibu wa ASTM D4752. Kijivu chepesi kwenye kitambaa hakina shida. Tabaka likipungua au chuma kikatokeza, usipake chochote juu yake.

Tukirudi nyuma kidogo, kwenye kuchanganya, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua. Unga wa zinki unazama. Uache ndoo dakika chache tu, na juu itabaki gundi, chini matope mazito. Anza kwa kukoroga kimiminika peke yake hadi kiwe sawa. Kisha, kikorogeo cha hewa kikiwa kinazunguka, mimina unga kidogokidogo kama unavyochekecha. Usifanye kinyume, yaani kumwaga kimiminika juu ya unga, maana utapata mabonge ambayo hayavunjiki. Endelea kukoroga dakika 5 hadi 10, kisha chuja kwa wavu wa matundu 30 hadi 60 kwa inchi. Thina iongezwe mwisho, baada ya vyote kuungana. Kopo na mfuko vilivyokuja pamoja vitumike vyote. Ukigawa unga nusu kwa macho umebadilisha ile asilimia uliyoilipia.

Baada ya hapo kikorogeo kisizimwe hadi rangi iishe. Chovya kijiti hadi chini ya ndoo, ukinyanyue: kikiwa na rangi ya uzito mmoja kutoka juu hadi ncha, endelea. Ncha ikitoka na udongo mzito unaokatika, rangi uliyokuwa ukipuliza kwa dakika kadhaa zilizopita ilikuwa na upungufu wa zinki, na sehemu hiyo unatakiwa kuitafuta. Mpira wa rangi usizidi mita 15 hivi, na usilazwe na rangi ndani wakati wa mapumziko. Rudisha rangi kwenye ndoo, au uoshe mpira. Vichujio vya matundu madogo ndani ya pampu na bunduki vitolewe, maana zinki inaviziba, na fundi akiona mkondo umepungua huongeza shinikizo badala ya kutafuta kizibo.

Nozeli ya pampu isiyotumia hewa iwe ya tundu la inchi 0.017 hadi 0.021. Shika bunduki umbali wa sentimita 30 hivi, wima kwa uso, usizungushe kifundo cha mkono, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Rangi ifike ikiwa imelowa na ionekane inang'aa kwa sekunde kadhaa kabla ya kufifia. Ikifika na kuonekana kama vumbi papo hapo, imekaukia hewani: umbali ni mkubwa, upepo ni mkali, au joto limezidi. Pitisha kiganja baada ya kukauka. Ukihisi ukakasi kama wa msasa na kiganja kikatoka kijivu, hapo chembe zimelala tu, hazijashikana. Usifunike. Sugua kwa wavu wa chuma au kikwanguzi hadi ufike kwenye rangi ngumu, upime unene uliobaki, na upake tena ikibidi.

Unene una hesabu ndogo ambayo kila fundi anapaswa kuwa nayo kichwani. Gawanya unene wa rangi kavu unaotakiwa kwa sehemu ya yabisi, yaani ujazo unaobaki rangi ikishakauka. Praima yenye yabisi asilimia 60, ikitakiwa mikroni 75 kavu, ipakwe mikroni 125 mbichi. Ukiongeza thina asilimia 10, mbichi inapanda hadi karibu 138. Kitana cha kupimia rangi mbichi kinakuambia hapo hapo, ingawa kwa silikati inayokauka upesi lazima ukibandike ndani ya sekunde chache. Lita moja ya praima hiyo inafunika mita za mraba 8 kwa hesabu ya kitabuni. Kwenye nguzo na mihimili yenye pembe nyingi, theluthi moja au zaidi inapotea hewani, kwa hiyo agiza ukijua hilo.

Epoksi ya zinki kwa kawaida hupakwa mikroni 50 hadi 80, silikati 65 hadi 90. Silikati ikipita mikroni 125 hadi 150, inaanza kupasuka kama tope la ziwa lililokauka. Tazama kwa lenzi ya mkono kwenye pembe za ndani, pale bawa la mhimili linapokutana na ukuta wake, na nyuma ya vibao vya kukazia: rangi hujikusanya hapo, na nyufa huanzia hapo. Nyufa hizi haziponi kwa kupakwa juu. Zinapulizwa mpaka chuma. Kwa hiyo kwenye pembe za ndani piga upande mmoja, kisha wa pili, pasipo kulenga kati. Kwa epoksi, mishono ya weldi, matundu ya boliti na kingo zipate kwanza mkono mmoja wa brashi ya mviringo, ukisukumia rangi ndani ya vishimo. Silikati usiipake kwa brashi wala rola isipokuwa kwa madoa madogo.

Geji ya sumaku inaposoma juu ya mikwaruzo huhesabu pia sehemu ya mabonde yake. ISO 19840 inaelekeza kutoa mikroni 25 kwa uso wa mikwaruzo ya wastani. Kwenye tabaka la mikroni 60, hizo 25 ni nyingi mno kupuuzwa: anayesoma 60 bila kutoa ana 35 tu juu ya vilele.

Silikati ina matundu madogo sana ndani yake, na hapo panaleta tatizo la rangi ya juu. Ukipaka epoksi nzito moja kwa moja, hewa iliyomo kwenye matundu inasukumwa kutoka, inapanda kama mapovu, na kuacha vitundu vya pini hadi juu. Kinachosaidia ni mkono wa ukungu: chukua rangi ileile ya juu, iongeze thina robo hadi nusu kwa kufuata karatasi yake, pitisha mkono mmoja mwepesi na wa haraka wa mikroni 25 au 30 hivi, subiri hadi mapovu yaishe, kisha ndipo upige unene kamili. Jua la mchana likiwa linapasha chuma, mapovu yanazidi. Afadhali kazi hii ifanyike chuma kinapoanza kupoa, mradi nukta ya umande bado iko mbali.

Zinki iliyokaa nje wiki kadhaa kabla ya kufunikwa huota unga mweupe kama chokaa. Hizo ni chumvi za zinki, na baadhi yake zinayeyuka kwenye maji. Ukizifunika, maji yanapenya rangi ya juu kuzifuata na kuinua malengelenge. Osha kwa maji safi ya shinikizo na brashi ngumu ya nailoni, acha ikauke vizuri, ikiwemo kwenye matundu ya silikati, kisha paka. Na rangi za mafuta za alkidi zisiwekwe juu ya zinki. Mafuta yake hugeuka sabuni yanapokutana na zinki, na baada ya muda rangi nzima huteleza na kubanduka kama ngozi.

Je, zinki inaweza kuachwa bila rangi ya juu? Silikati inaweza, mahali ambapo hakuna asidi wala alkali kali. Nje ya pH 5 hadi 9 hivi, zinki inaliwa upesi mno. Lakini kwa mazingira makali ya bahari na viwanda, yale ISO 12944 inayoyaita C5, usiiache uchi. Mpangilio wa kawaida ni zinki mikroni 60, epoksi katikati, na poliurethani juu dhidi ya jua, jumla mikroni 260 kwa uimara wa miaka 15 hadi 25, na 320 ukitaka uzidi 25. Tabaka za juu huichelewesha zinki isitumike mapema. Zinki inasubiri siku ya mkwaruzo.

Maungio ya boliti yanayobeba mzigo kwa msuguano yanahitaji uangalifu wake. Nyuso zinazokutana ziachwe na silikati peke yake, au chuma kilichopulizwa, kufuatana na mchoro. Kanuni za Marekani zinaruhusu nyuso zilizopakwa kuingia daraja la msuguano la 0.50 zikishathibitishwa kwa majaribio, na silikati nyingi zinafika hapo. Rangi ya juu ikivuja ndani ya maungio hayo, boliti zitalegea kadiri rangi inavyobanwa. Ziba kwa utepe kabla ya kupuliza, si baada.

Kwenye usalama, mawili hayapaswi kusahauliwa. Unga wa zinki ukipata maji au asidi hutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo mifuko ikae pakavu, na kopo lililovimba lisifunguliwe karibu na cheche. La pili, mchomeleaji akichomelea juu ya zinki, moshi wake mweupe humletea homa na kutetemeka saa chache baadaye, na mshono wenyewe hujaa matundu. Ondoa zinki kwa upana wa milimita 50 hadi 100 kila upande kabla ya kuchomelea, au acha sehemu hiyo bila kupakwa tangu karakana.

Sehemu hizo, pamoja na zilizoumizwa na minyororo ya kreni, zinahitaji kurekebishwa, na hapa kuna kosa linalojirudia kila mradi. Silikati mpya haishiki juu ya silikati iliyokomaa. Tumia epoksi ya zinki. Na usisafishe kwa brashi ya waya ya grenda, maana inakifanya chuma kiwe laini kama kioo: kinang'aa, kinapendeza, na hakina mkwaruzo hata wa mikroni 25. Tumia kifaa cha sindano au diski za ukakasi hadi kidole kihisi meno, puliza vumbi, na laza ukingo wa rangi ya zamani uwe mteremko badala ya ngazi. Paka epoksi kwa brashi ya mviringo, ukianzia katikati ya chuma kitupu kwenda nje, na uishie pale mteremko unapokwisha. Koroga kikopo hata hicho kidogo kila unapochovya.